Kulaza Sufuria

Kwa miaka ishirini na tatu Efrazia aliingia jikoni mwa Sekondari ya Kwemhanga akitanguliwa na pua. Kabla hajafungua dirisha alishajua kuni zilizoletwa ni za mti gani. Mkambala ulinuka kama ngozi iliyoanikwa. Mgunga ulikuwa na ukali uliokaa nyuma ya koo mpaka jioni. Mwembe mzee ulinuka uvivu, maana ulitoa moshi kuliko moto. Kuni zote zilitoka upande wa Handeni, zikivuka barabara kuu kwa Fuso, nne kila muhula, na Efrazia alizila zote kwa kifua chake. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza mgongoni siku moja, akavua vifaa vyake masikioni, akasema, "Mama, hiki si kifua tena. Hiki ni dohani."

Kwa hiyo mafundi walipokuja Januari na nyundo zao kuvunja majiko ya matofali, hakulia. Wengine walidhani angelia. Agizo lilikuwa limekwisha kutoka kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziache kuni, na halmashauri nayo ilikuwa na mpango wake wa tabianchi, kitabu cha kurasa tisini chenye picha ya mlima kwenye jalada. Ndani ya kitabu hicho Sekondari ya Kwemhanga ilikuwa mstari mmoja katika jedwali: Fuso nne za kuni, kisha mshale, kisha sifuri. Wakafunga majiko matatu ya gesi, wakapanga mitungi kumi na miwili ya kilo thelathini na nane nje ya ukuta, ndani ya kizimba cha nondo.

Kasmiri, mpasua kuni, alisimama akitazama kizimba kile. Kisha akabeba shoka lake begani.

"Nimefukuzwa na bomba," alisema. "Nikifika nyumbani nitawaambia nini? Nimefukuzwa na bomba."

Mwaija alicheka mpaka akashika ubavu. Yeye alikuwa mpishi wa pili, Mzigua wa Handeni, mfupi, mwenye mikono ya kugeuza ugali wa watu mia nne bila kubadili mkono. Alipomaliza kucheka aliona Kasmiri amekwisha kuvuka lango, na hakucheka tena siku ile. Watatu walibaki wawili.

Wiki ya kwanza Efrazia alilala bila kukohoa. Wiki ya pili ilipokuwa ikiisha, Jumamosi, siku ya kumi na tatu, mwali wa bluu ukaanza kuinama kama mgonjwa, ukawa wa manjano, ukazima. Mtungi wa kumi na mbili ulikuwa mtupu, na ile gesi ilitakiwa ifike mwisho wa mwezi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Deogratius, alikuja mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa maswali na watu wa juu yake, na uchovu huo aliushusha kwa watu wa chini yake.

"Siku kumi na tatu," alisema. "Mtaalamu amepiga hesabu, siku thelathini. Nyinyi siku kumi na tatu. Mnaoga nayo?"

"Mkuu, tunapika," Efrazia alisema.

"Mnapika nini kinachokula gesi hivyo?"

Efrazia na Mwaija wakatazamana. Walichopika kilijulikana na kila mtu pale, hata na yeye aliyeuliza.

Nyuma ya kiti cha mkuu, ofisini, ilikuwepo ratiba ya chakula. Ilichapwa kwa rangi na kuwekwa ndani ya plastiki: Jumatatu ugali na maharage, Jumanne ugali na mboga, hivyo hivyo mpaka Jumamosi, siku ya wali. Makande hayakuwemo. Miaka sita nyuma, katika kikao cha wazazi, baba mmoja alisimama akasema mwanawe si mfungwa hata ale makande kila siku, na watu wakapiga makofi, na mkuu akaahidi. Ahadi ikachapwa kwa rangi. Lakini wazazi wale wale walileta mchango wao kwa magunia ya mahindi, gunia moja kwa kila mtoto, na hakuna aliyeleta cha kupeleka magunia hayo mashineni. Mahindi yasiyosagwa hayawi ugali. Basi yakaingia sufuriani mazimamazima pamoja na maharage ya Bungu, siku nne kila wiki, na ratiba ikabaki ukutani kama picha ya harusi ya watu walioachana. Mkaguzi akija, siku hiyo unga unanunuliwa.

Wataalamu wa mpango nao walikuja, pamoja na afisa wa mazingira wa halmashauri. Waliipiga ratiba picha kwa simu, wakakokotoa gesi ya kuchemsha maji ya ugali. Ugali ni dakika arobaini. Makande ni saa tano.

"Nasikia maneno," mkuu aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Kwamba mtungi unaweza kutoka hapa jioni ukarudi asubuhi umepungua. Sisemi ni nyinyi. Nasema nasikia. Mitungi mingine kumi na miwili inakuja kabla ya Jumatatu. Isipofika mwisho wa mwezi, jiko nalikabidhi kwa mzabuni wa mjini, aje na wapishi wake. Na nisione moshi. Moshi ukionekana hapa, mimi ndiye nitakayeandika barua."

Alipoondoka, Mwaija alipiga kofi sufuria tupu.

"Mama Evo, mwambie yule afisa wa mazingira. Mwambie tunapika makande, basi, yaishe."

"Nikimwambia, Mkuu anavuliwa nguo."

"Na usipomwambia sisi ndio wezi wa gesi. Nyinyi Waha mna aibu za watu wengine. Bebeni basi na za kwangu, nina nyingi."

Efrazia alichukua mwiko akaanza kuuosha. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakuna karatasi yoyote iliyosema kwamba jiko lile ni lake. Wapishi walilipwa kutoka michango ya wazazi, mwezi kwa mwezi, na siku ya kuondoka mtu huondoka na kanga yake. Kwake ilibaki nyumba ya vyumba viwili na shamba dogo lililochoshwa na mkonge wa watu wa zamani. Mwaija alikuwa na watoto watatu na mama kipofu. Wakitolewa pale, hakukuwa na jiko jingine la kuwapokea. Hilo ndilo alilokuwa akilifikiria akiosha mwiko.

Usiku ule, katikati ya usingizi na kuamka, alimkumbuka mama yake.

Baba yake, Dominiko, aliletwa kutoka Kasulu kama manamba, akaandikwa kukata mkonge, na mama yake, Josefina, alimfuata miaka miwili baadaye akaandikwa naye. Kambini hakukuwa na mti. Mistari ya mkonge ilikwenda mpaka macho yakachoka, na mkonge hauwaki. Kuni zilikuwa mlimani, saa mbili kwenda, saa tatu kurudi. Wanawake wa kambi wakajifunza kupika kwa moto wa kuazima. Alfajiri Josefina alichemsha makande mpaka yakatokota kwa nguvu, akaacha yatokote muda wa kufunga kanga na kunoa kisu, kisha akatoa chungu motoni na kukishusha ndani ya pipa lililojazwa singa, zile nyuzi fupi za mkonge zilizotupwa nyuma ya korona, kiwanda cha kukamulia majani. Juu akaweka singa nyingine na gunia. "Nimekilaza," alikuwa akisema, kama mtu aliyemlaza mtoto. Akaenda shambani. Mchana aliporudi na mikono iliyochomwa na miiba, chakula kilikuwa kimejiiva chenyewe.

Asubuhi Efrazia alimwambia Mwaija. Mwaija alimsikiliza akiwa ameweka mikono kiunoni.

"Kwa hiyo tuiweke sufuria kitandani."

"Ndiyo."

"Tuifunike shuka."

"Gunia."

"Na tuiimbie?"

Lakini ni yeye aliyepata mkokoteni. Walikwenda wote wawili kwenye magofu ya korona, ambako singa zilizotupwa zilikuwa zimelala kichuguu kizima, nyeupe juu, kijivu chini, wakajaza magunia tisa. Walipofika jikoni Efrazia hakuhitaji kutafuta pipa. Mafundi walipovunja majiko walivunja juu tu. Chini, pale moto ulipokuwa ukikaa, yalibaki mashimo matatu ya matofali, mapana, meusi kwa masizi ya miaka ishirini. Wakapanga singa ndani ya shimo la kwanza kama ndege anavyopanga kiota. Sufuria kubwa ikaingia, ikatulia.

Jumatatu walijaribu. Mahindi na maharage yalikuwa yamelowekwa tangu jana. Walichemsha kwa saa moja kuanzia saa kumi na moja alfajiri, wakazima gesi, wakalaza sufuria. Saa saba mchana walipofunua, maharage yalikuwa magumu na maji yalikuwa vuguvugu tu, yenye harufu ya kutaka kuchacha. Hapakuwa na muda wa kupika kingine. Wanafunzi mia nne wakagonga sahani. Mmoja wao alinyanyua harage moja mbele ya wenzake, akaligonga kwenye jino, wote wakasikiliza.

"Kokoto!" wakapiga kelele. "Kokoto ya Bungu!"

Mkuu alitoka barazani, akasimama, akatazama, akarudi ndani na kufunga mlango. Ilikuwa vibaya kuliko kama angefoka.

Mwaija alikaa juu ya ndoo. "Labda singa za siku hizi hazina joto."

Efrazia alikuwa amesimama juu ya shimo akilitazama. Akahesabu moyoni. Saa mbili alifunua, kuona kama inatokota. Saa nne alifunua, akatia kidole. Saa tano akafunua tena, akakoroga, akaonja, akafunika. Miaka ishirini na tatu ilimfundisha kwamba mpishi asiyefunua ni mpishi aliyelala. Na kila alipofunua, alitoa joto lote la alfajiri likaenda darini.

"Mama yangu hakuwa akifunua," alisema taratibu.

"Alijuaje kuwa imeiva?"

"Hakujua. Hakuwepo."

Siku iliyofuata walilaza sufuria saa kumi na mbili na nusu, wakaijaza mpaka ukingoni isibaki nafasi ya hewa, wakatia singa juu nusu mita, gunia, kisha ubao, na juu ya ubao akakaa Mwaija, akichambua mchele wa Jumamosi. Efrazia alitoka nje. Hakujua la kufanya na mikono yake. Alifagia uwanja. Alifagia tena. Alikwenda mpaka langoni na kurudi. Saa nne alisogea mlangoni, na Mwaija akasema bila kuinua kichwa, "Rudi shambani, mama."

Saa saba walifunua. Mvuke ulipanda kama pumzi ya mnyama mkubwa. Maharage yalikuwa yamefunguka, mahindi yamevimba na kulainika, na mchuzi wake ulikuwa mzito, bila ladha ya moshi. Walikula wa kwanza wao wawili, wamesimama. Kisha Mwaija akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo.

Kuanzia siku ile mtungi mmoja ulikwenda karibu siku tatu.

Wiki ya tatu akaja yule afisa wa mazingira wa halmashauri, Shamsia, kwa pikipiki, bila taarifa. Alikuwa na shule thelathini na moja, pikipiki moja na mafuta ya shule kumi. Vumbi lilikuwa limemfanya mtu wa rangi moja kuanzia ushungi mpaka viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na njia."

"Nimeshapoa." Alitazama majiko. Saa nne na nusu, na hakuna mwali hata mmoja. "Watoto wanakula nini leo?"

Efrazia angeweza kusema ugali. Unga wa mkaguzi ulikuwepo stoo, mifuko mitatu. Alikitazama kidaftari cha yule binti, jinsi kalamu ilivyofungwa kwa uzi ili isipotee, akauona uchovu wake, uchovu wa mtu anayeandika jambo huku akijua kwamba halipo.

"Makande," alisema. "Wanakula makande. Siku nne kila wiki, tangu miaka sita. Ile ratiba mliyoipiga picha ni ya ukutani."

Shamsia hakuandika. Alikaa juu ya ubao, pale pale alipokuwa akikaa Mwaija, akashtuka kuona pana joto.

"Umeikalia," Mwaija alimwambia. "Usihofu, haiumi."

Walimweleza yote. Aliwaomba wamfunulie, wakakataa. Akasubiri mpaka saa saba, akala sahani mbili, na katikati ya sahani ya pili akaanza kucheka, kicheko kisicho na furaha nyingi.

"Mama, unadhani ni shule ngapi ratiba zao ni za ukutani? Mpango wote tumeupanga kwa ugali. Kurasa tisini za ugali." Akapangusa mdomo. "Ratiba ya mkuu sitaitaja. Nitaandika tu kwamba kuna njia ya kupika makande kwa saa moja ya gesi. Niambie, zamani mlikuwa mkikaa jikoni saa ngapi kwa siku?"

"Kumi na moja. Wakati mwingine kumi na mbili."

"Na sasa?"

"Tano. Hazifiki sita."

Akaandika. Efrazia alimwona akiandika, na alifurahi.

Mitungi kumi na miwili ilidumu mpaka siku ya thelathini na nne. Mkuu hakusema lolote juu ya maneno aliyosikia. Alituma kilo ya sukari jikoni, na Mwaija akasema sukari ile iwekwe kwenye jumba la makumbusho. Mzabuni wa mjini hakutajwa tena. Efrazia alitembea kwenda nyumbani jioni ile polepole, kama mtu aliyetua mzigo na bado shingo haiamini.

Mwezi uliofuata aliitwa Korogwe, kwenye ukumbi wa halmashauri, kwenye kikao cha kutathmini mpango. Alivaa kitenge cha harusi ya Evodia, binti yake. Walikuwepo wakuu wa shule, madiwani, watendaji wa kata kutoka Bungu, Dindira, Kerenge. Shamsia alieleza vizuri. Alionyesha ukutani picha ya shimo lenye singa, na picha ya Efrazia ameshika ubao, na watu wakageuka kumtafuta. "Simama, mama," mtu alisema. Akasimama. Wakapiga makofi marefu. Kwa mara ya kwanza maishani alipigiwa makofi na watu waliokaa kwenye viti, na alijua kwamba yanamwendea Josefina, ambaye hakuwahi kuingia ukumbi wowote isipokuwa kanisa.

Kisha akasimama ofisa mwingine, wa mipango, mtu mpole mwenye miwani. Alisoma jedwali. Kuni: sifuri. Gesi: imepungua kwa zaidi ya nusu. Hewa ukaa: akataja tani, na ukumbi ukanong'ona kwa kuridhika. Akaendelea kwenye mstari wa mwisho. Saa za kazi jikoni: kutoka kumi na moja hadi tano. Kwa hiyo, alisema, wataalamu wanapendekeza kwamba kila shule yenye wanafunzi wasiozidi mia tano ibaki na mpishi mmoja, akisaidiwa na wanafunzi wa zamu, na mchango wa wazazi upungue. Wazazi wangependa mpango. Na mpango ukipendwa utadumu.

Makofi tena. Efrazia alikuwa bado hajakaa vizuri.

Shamsia alimkuta nje, karibu na bomba la maji. Hakuweza kumtazama.

"Fomu ilikuwa na kisanduku cha saa, mama. Nikajaza. Nilidhani ni kwa ajili ya afya zenu. Moshi."

"Najua."

"Nitaandika dokezo. Nitapinga."

"Andika," Efrazia alisema, akamshika begani, maana binti alikuwa karibu kulia, na mtu anayelia mbele ya ukumbi wa kazi yake hukumbukwa kwa hilo tu.

Dokezo liliandikwa. Halikurudi. Mwisho wa muhula mkuu alimwita Efrazia ofisini. Ratiba mpya ilikuwa ukutani, na makande yalikuwemo, kwa rangi ya kijani, na chini yake: *hupikwa kwa teknolojia rafiki kwa mazingira*.

"Wewe ndiye mkuu wa jiko," Mwalimu Deogratius alisema. Alikuwa akipanga kalamu. "Sitaki kuchagua mimi. Nipe jina moja la kubaki."

Alitaja la Mwaija. Hakuona wema wowote ndani ya kutaja kule. Alifikiria mama kipofu na watoto watatu, na ngazi za jiko asubuhi, na dohani ndani ya kifua chake, na jina likatoka kabla hajalipima.

Mwaija alimfuata mpaka nje ya lango, akiwa na mwiko mkononi.

"Nani kakutuma? Nani kakwambia mimi nataka kuachiwa? Muha wewe! Ungesema wote wawili twende, tungekwenda wote wawili!"

"Tungekwenda wapi?"

Mwaija akashusha mwiko. Nyuma yao, jikoni, sufuria ilikuwa imelazwa, na haikuhitaji mtu yeyote.

"Usiifunue kabla ya saa saba," Efrazia alisema.

"Najua kupika."

"Najua unajua."

Jumatatu iliyofuata aliamka saa kumi alfajiri kama kawaida. Hakuna aliyemwamsha, ni mwili tu haujapata habari. Alichemsha makande yake kidogo, ya mtu mmoja, kwenye jiko la mafiga matatu nyuma ya nyumba, akaacha yatokote muda wa kufunga kanga. Kisha akashusha chungu kwenye ndoo iliyojaa singa, akafunika kwa singa nyingine, akaweka gunia juu.

Jua lilitoka. Josefina saa hiyo angekuwa amekwisha kufika shambani, kisu mkononi, mistari ya mkonge mbele yake mpaka mwisho wa macho. Efrazia alifagia uwanja. Akafagia tena. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na ndoo, mikono juu ya magoti. Ilikuwa bado saa moja na nusu. Mpaka saa saba hakuwa na haki ya kufunua, na hakuwa na pa kwenda.